Kijito kisicho na jina kwenye ramani: maji ya Mto Zigi yanaanzia wapi (uzi mrefu)

Mtoni_Kisiwani

Habari za jioni wanajukwaa.

Mwezi Februari nilikwenda kumjulia hali babu, milimani juu ya Kisiwani, wilaya ya Muheza. Kiangazi kilikuwa kimekaza, migomba imeinamisha majani, vumbi la barabarani linafika magotini. Chini ya shamba la babu kuna kijito. Hakina jina. Ukiuliza wenyeji wanakwambia "mtoni", basi, na kwenye ramani hakimo. Mtu mzima anakivuka kwa hatua moja ndefu.

Mahali maji yanapoteremka mwambani babu amechomeka mwanzi uliopasuliwa, ndiyo bomba lake. Wakati wote wa utoto wangu niliteka maji pale na sikuwahi kujiuliza ni maji kiasi gani. Safari hii nikatega ndoo ya lita 20, nikawasha saa ya simu. Sekunde 8. Nikamwaga, nikarudia: 8. Mara ya tatu: 9. Chukua 8: hiyo ni lita mbili na nusu kila sekunde, yaani lita 216,000 kwa siku moja. Ndani ya mwezi mkavu, mvua ya maana ikiwa imepita wiki kadhaa.

Nimekaa na swali hilo tangu nirudi: mbingu haijatoa kitu, sasa mwamba unatoa wapi? Nimesoma, nimeuliza wazee, nimetembea. Naleta nilichopata, na wenye kujua zaidi waongeze.

Nianze na mahali penyewe. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale sana, migumu, ile inayometameta ukiipasua. Bonde la Lwengera linaitenga na Usambara Magharibi. Kilele cha juu kabisa upande wetu, Nilo, kinapita kidogo tu mita 1,500, kwa hiyo si milima mirefu. Bahati yake ni jirani yake: Bahari ya Hindi iko karibu, na upepo wenye unyevu ukitoka baharini kizuizi cha kwanza unachokikuta ni huu ukuta. Unapanda, unapoa, unaangusha mvua. Amani, iliyo kwenye mita 900 hivi, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari moja tu ya msitu wa Amani inanyeshewa lita milioni 8 kwa mwaka. Swali ni zinakaa wapi zisishuke zote siku hiyo hiyo.

Zinakaa kwenye udongo. Chini ya miti mikubwa kuna majani yaliyooza, chini yake mizizi myembamba kama nyuzi, chini yake udongo mwekundu uliojaa matundu ya minyoo na mizizi iliyokufa. Tone la mvua linapigwa kwanza na majani ya juu, linapigwa tena na ya kati, likifika chini halina nguvu ya kung'oa kitu. Linazama. Linasafiri taratibu mno hadi likutane na mwamba usiopitisha, hapo linatokea pembeni kama chemchemi. Maji niliyokinga Februari huenda yalinyesha vuli iliyopita, mengine pengine masika kabla yake.

Kijito cha babu kinaingia kwenye kijito kingine, hicho kinaingia Zigi, Zigi inapokea na Kihuhwi, inateremka hadi bwawa la Mabayani, na hapo ndipo jiji la Tanga linapopata maji yake. Mtu wa Ngamiani, Tanga mjini, akifungua bomba anakunywa kwa babu yangu. Wengi hawalijui hilo, na ndiyo sababu nimeandika.

Naendelea na historia baada ya chakula.

Mwl_Ramani

Mkuu, umeandika vizuri. Niongeze jambo moja la darasani ambalo wanafunzi wangu hulifurahia. Jumlisha urefu wa mito yote ya bonde lolote: sehemu kubwa kabisa ya urefu huo ni vijito vidogo kama hicho chako. Mto mkubwa tunaouchora kwa wino wa buluu ni shina tu. Vinyweleo vya mizizi ndivyo vinavyonyonya, na ndivyo tusivyovichora.

Na kuna jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu kwa sabuni. Maji ya milimani kwenu yametoka kwenye miamba migumu na udongo uliokwisha lowa kwa mvua za miaka na miaka, chumvichumvi zote zimeshaoshwa. Sabuni kidogo tu, povu linajaa beseni. Shuka huko Amboni, mto unapita kwenye mawe ya chokaa, yale yale yaliyochimbwa na maji hadi yakawa Mapango ya Amboni. Maji yaliyopita kwenye chokaa yanakataa povu na sufuria inafanya ukoko mweupe. Mto mmoja, mawe mawili.

Mtoni_Kisiwani

Asante sana Mwalimu. Hilo la sabuni marehemu bibi alikuwa akilisema kwa namna yake: "maji ya huku ni mepesi, ya mjini mazito."

Sasa historia. Wengi wanashangaa kwa nini vitabu vya zamani vimeandika Sigi na sisi tunasema Zigi. Ni mto ule ule. Herufi S ya Kijerumani ikitangulia irabu hutamkwa Z, kwa hiyo Mjerumani aliyeandika Sigi alikuwa anasema Zigi kama sisi.

Wajerumani walipofika miaka ya 1890 walitazama kijani cha milima hii wakaamini ardhi yake ni tajiri. Wakafyeka msitu Derema na kwingine wakapanda kahawa. Kahawa ikawaangusha. Utajiri wa msitu ule haukuwa ardhini, ulikuwa juu, kwenye majani yenyewe: jani linaanguka, linaoza, mizizi inalidaka kabla mvua haijaliosha. Ukikata miti umeondoa ghala lote, unabaki na udongo mchachu usio na kitu. Kijito kingewaambia kama wangekiuliza, maana maji yenye chumvi chache kiasi kile hayatoki kwenye ardhi nono.

Mwaka 1902 wakaanzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani na bustani ya mimea kutoka kila pembe ya dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, kituo hicho ndicho kilichotengeneza kwinini kutoka magome ya miti ya misinkona ya pale pale kwa ajili ya askari wao. Baadaye Waingereza walikichukua, na tangu karibu 1950 Amani imejulikana zaidi kwa utafiti wa malaria.

Kwa ajili ya magogo Wajerumani walijenga pia reli ndogo kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi Zigi. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo, imekarabatiwa, ndiyo kituo cha wageni cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa 1997. Ukisimama barazani pake unasikia mto.

Na kuna ua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kwenye mawe yenye kivuli ua dogo la zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Leo limo madirishani kwa watu dunia nzima. Kwa babu linaota kwenye mwamba pembeni ya ule mwanzi, mahali jua halifiki na maji yanarusha unyevu siku nzima. Majani yake yana manyoya mafupi kama ulimi wa paka. Mti wa juu yake ukikatwa, linakauka ndani ya msimu mmoja. Nimeliona hilo kwenye kijito cha jirani, mwamba uko mtupu.

BintiBondei

Kaka, umenikumbusha kaa! Sisi tulikuwa tunawakamata chini ya mawe, unaingiza mkono kwa nyuma asikubane. Bado wapo?

Mtoni_Kisiwani

Wapo dada, na nilikuwa nawasubiri maana habari ya kaa ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Niligeuza jiwe nikamkamata mmoja, mpana kama kiganja cha mtoto, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Nikamgeuza tumbo juu. Karibu na maungio ya miguu palikuwa na vitu vidogo vyembamba vimeshika ganda, vinajikunja na kujinyoosha. Zamani nilidhani ni uchafu. Kumbe ni viluwiluwi vya usubi, yule nzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo anayeuma mchana mtoni na kueneza ugonjwa wenye jina hilo hilo, ule unaowasha ngozi na ukikomaa unaharibu macho.

Nzi wengi wa jamii hii huacha viluwiluwi vyao kwenye mawe na majani yaliyo majini. Lakini kulikuwa na aina moja Kenya ambayo watafiti waliitafuta mawe yote na majani yote wasiione inakokulia. Mwaka 1950 ndipo ilipotangazwa: inakulia juu ya mwili wa kaa wa mtoni. Ya kwetu Usambara, Simulium woodi, ni ndugu yake na inaishi hivyo hivyo. Kiluwiluwi kinashika ganda, kaa anakipeleka kwenye maji yanayokwenda kasi yenye hewa nzuri, nacho kinachuja chakula humo humo.

Kaa mwenyewe ana kazi kubwa kuliko tulivyofikiri. Kijito cha msituni ni cheusi kwa kivuli, majani ya kijani hayawezi kukua mengi ndani yake, kwa hiyo chakula chote kinaanguka kutoka juu: majani makavu, matunda, wadudu. Lazima awepo wa kuyararua. Katika nchi za baridi kazi hiyo hufanywa zaidi na wadudu wadogo wa majini. Kwenye vijito vyetu mfanyakazi mkubwa ni kaa. Anararua jani, vipande vinasombwa, wadudu wanaochuja chini yake wanakula, samaki wanakula wadudu. Ukiharibu kivuli hapa juu umegusa chakula cha samaki aliye kilomita nyingi chini.

Kuna pia chura ambaye viluwiluwi vyake haviogelei bwawani kama vingine. Vinang'ang'ania uso wa mwamba uliolowa, mahali maji ni utando tu, na ukikaribia vinaruka. Jina lake la kitaalamu ni Arthroleptides martiensseni. Jirani yake wa msituni, Nectophrynoides tornieri, ameachana na mto kabisa: hatagi mayai majini, anazaa watoto walio vyura tayari.

Tochi_ya_Usiku

Mkuu, niulize kwa nia njema kabisa. Kama kaa ndiye anayebeba usubi, na kaa pamoja na nzi wake wanataka kivuli, basi waliofyeka kingo za mto waliwaondolea watoto wao ugonjwa. Shangazi yangu ngozi yake imekuwa kama ya mjusi kwa kujikuna. Unamwambiaje apande miti?

Mtoni_Kisiwani

Swali zito, na pole kwa shangazi. Sitalikwepa. Ni kweli: nzi hawa wa kaa ni wa vijito vyenye kivuli, na Afrika Mashariki kuna maeneo walipotea baada ya msitu kufyekwa. Kenya waliwamaliza kwa kutia dawa ya wadudu, DDT, mitoni.

Lakini ona gharama yake. Ukifyeka kingo unaondoa nzi, unaondoa na maji ya Februari. Na siku hizi kuna njia nyingine ya kumlinda shangazi: ivermectini, ile dawa inayogawiwa vijijini bure, wanakupima urefu kwa fimbo ndipo wanakuhesabia vidonge. Dawa hiyo inaua vijidudu vichanga, watoto wa mnyoo wa usubi, vinavyowasha ngozi na kuzuia nzi asivibebe kwenda kwa mwingine. Sharti ni moja, iendelee kumezwa kila inapogawiwa kwa miaka mingi, maana mnyoo mkubwa ndani ya mwili hafi upesi. Kwa hiyo ningemwambia shangazi ameze kila mgao unapokuja, hata mwaka ambao hajiwashi. Mti na dawa vinaweza kukaa pamoja. Mti ukienda, chemchemi haina kidonge.

Tochi_ya_Usiku

Nimekuelewa. Yeye aliacha kumeza akidhani amepona. Nitampigia leo.

Fundi_Pampu

Mimi niko upande wa pili wa bomba, nimefanya kazi za mitambo ya maji miaka mingi, sitaji wapi. Nawaambia kitu kimoja: sisi tunajua mvua imenyesha kwenye msitu au kwenye shamba lililo wazi kwa kutazama rangi tu. Maji ya msitu yakija na mafuriko yana rangi ya chai ya rangi, siku ya pili yametulia. Maji ya mashamba yaliyolimwa kushuka mlima yanakuja kama chai ya maziwa, na yanakaa hivyo. Hapo shabu inatumika kwa magunia, vichujio vinaziba, pampu zinakula mchanga. Na tope linalotua bwawani halitoki, linachukua nafasi ya maji mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, walianza kushirikiana na wakulima wa juu kupitia UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi. Na mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wananchi na wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya maji. Watu waliweka akiba zao kwenye mto huu, wengine bila kuujua.

Mkulima_wa_Iliki

Nasoma tangu jana kimya. Naomba na mimi nisikilizwe, maana mto huu mnaousifu umepita kwenye shamba langu.

Wanakuja watu na kamba, wanasema sheria ni mita 60 kutoka ukingoni. Shamba langu lina mita 100 kufuata kijito. Mita 60 kwa 100 ni mita za mraba 6,000, ekari moja na nusu. Shamba lote ni ekari mbili. Ninakula nini? Mzee wangu alikata msitu kidogo akaacha miti mikubwa akapanda iliki chini yake, tukasoma kwa iliki. Iliki ikachosha ardhi, ikagoma. Tukahamia mahindi na maharage. Siyo kwamba hatupendi maji.

Mtoni_Kisiwani

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako yana uzito kuliko yangu yote hapo juu, kwa sababu gharama ya maji ya jiji unailipa wewe kwa ekari.

Nimeisoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Kinachokatazwa ndani ya mita 60 ni shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru ukingo. Kwa ninavyoisoma mimi, na mimi si mwanasheria, kulima mahindi kwa jembe kushuka mteremko ni kudhuru. Kuwa na miti yako ya karafuu, udongo haulimwi, majani yanaanguka yanaachwa, sioni dhara lake. Kabla ya kutegemea maneno yangu nenda nayo kwa ofisi ya maji ya Bonde la Pangani au kwa bwana mazingira wa wilaya, upate kauli yao, ikiwezekana kwa maandishi. Na mtu anayekuja na kamba bila kuja na miche, mimi naona amefanya nusu ya kazi.

Mwl_Ramani

Naunga mkono. Na ukanda wa karibu kabisa ndio wenye kazi kubwa zaidi. Mita chache za kwanza zenye nyasi nene na mizizi zinakamata sehemu kubwa ya tope linaloshuka. Ukianza huko umeanza pazuri, hata kama hujafika 60.

Mkulima_wa_Iliki

Marahaba mwanangu. Sasa tunazungumza. Niambieni kipi kipandwe, kwa mpangilio, na kipi nisikiguse.

Fundi_Pampu

Usiguse mikalitusi mtoni, mzee. Inakua haraka lakini inakunywa.

Mtoni_Kisiwani

Nilivyoona kwa waliofanikiwa: ukingoni kabisa acha kilichoota chenyewe, usifyeke. Baada yake panda mistari ya majani ya gwatemala au mabingobingo kwa kufuata kontua, yaani kuukata mteremko kwa usawa, unakatia ng'ombe, mizizi inashika. Juu yake karafuu, mdalasini, na pilipili manga ikipanda kwenye miti iliyopo. Mahindi yapande juu kabisa, na yawe na makinga maji.

Msambu pia, maana ni mti wa kwetu hasa, Allanblackia stuhlmannii, hauoti nje ya Tanzania kwa asili, na mbegu zake zina mafuta yanayouzika. Ila nikuonye mapema: mbegu yake inaweza kukaa ardhini miezi mingi bila kuota, na kuna msambu dume na msambu jike, hivyo ukipanda kwa mbegu unaweza kungoja miaka ukakuta nusu haizai. Tafuta miche iliyobebeshwa.

Usipande Maesopsis, ule ambao Waganda huuita musizi. Uliletwa, ndege wakausambaza, ukavamia kila pengo lililoachwa na misumeno ya mbao. Ukiingia mtoni huutoi.

BintiBondei

Baba, ukipata mahali pa miche naomba uandike hapa hapa. Mama yangu ana kipande kinachofika mtoni upande wa chini na hajui aanzie wapi.

Mkulima_wa_Iliki

Nitaandika. Nitaanza na mita 15 mwaka huu, mvua za masika zikishika. Nikiona maharage hayakupungua sana nitasogea. Lakini nataka kujua kama maji yanaongezeka kweli au ni maneno.

Mtoni_Kisiwani

Tupime basi, mzee. Tafuta mahali kijito chako kinaporuka jiwe, chomeka mwanzi au bati lililokunjwa, maji yote yapite hapo. Ndoo ya lita 20, mara tatu, uandike sekunde na tarehe kwenye daftari. Februari ndiyo yenye ukweli, masika kila kijito kinajisifu. Usitarajie tofauti mwaka wa kwanza, wala wa pili, udongo uliobanwa unachukua muda kufunguka. Kinachobadilika mapema ni rangi: siku ya mvua kubwa kinga glasi moja juu ya shamba na moja chini yake, uziweke dirishani hadi asubuhi, utazame tope lililotua.

Mimi narudi kwa babu Agosti. Nitatega ndoo pale pale kwenye mwanzi na nitaleta sekunde zangu hapa. Na wewe niletee zako.